Balua ya Havyalimana

Sajenti Kazimili hakuwa na gari. Hakuwa na pingu. Jozi mbili za kituo cha Biharamulo zilikwenda na wenzake waliopelekwa mpakani kwa vita ya Uganda. Hakuwa na kamera, wala daktari wa kupasua maiti, wala ule unga wa kuchukulia alama za vidole alioonyeshwa mara moja tu chuoni. Hakuwa na saa ya mkononi. Hakuwa na cheti cha darasa la saba, wala cha la nne. Na Jumapili ile ya Novemba mwaka 1978, alipoiegemeza baiskeli yake kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji cha Mkombozi, maili mbili kutoka gati la Nyamirembe, hakuwa na muda.

"Lori la jeshi linapita saa tisa," Katibu wa kijiji alimwambia kabla hata hajapangusa vumbi usoni. "Linamchukua muuaji. Ni jasusi yule. Wewe afande andika maelezo yako mawili matatu, unywe chai, urudi zako."

Katibu huyo aliitwa Bartholomayo. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, shati lake la kijani limenyooshwa kwa pasi ya mkaa, saa ya Kirusi mkononi. Kwao ni Kwimba, na kwa kuwa Kazimili kwao ni Maswa, alikuwa amemsalimu kwa Kisukuma ili jambo hilo lisisahaulike.

"Nani kasema ni jasusi?" Kazimili aliuliza.

"Mimi. Nilipeleka taarifa jana kwa simu ya upepo ya gatini."

"Na majasusi wanapelekwa wapi?"

Bartholomayo alicheka. "Hujasikia? Juma lililopita walimchukua mmoja huko juu. Lori halikumaliza maili kumi. Mkewe alirudishiwa shati lenye matundu. Ukilitaka la kuchekechea unga, linafaa."

Kazimili akafungua daftari. Kwa saa ya Katibu, ilikuwa saa nne na nusu.

Mambo yenyewe yalianza Alhamisi. Meli iitwayo *Nyota ya Nyanza* ilikuwa imewabeba wafanyakazi bora wa kiwanda kimoja cha kuchambua pamba, watu arobaini na mmoja, walioshinda zawadi ya kuzungushwa ziwani siku tano. Ratiba iliyopigwa chapa ilisema: *Alhamisi, Siku ya Nchi Kavu.* Wangeshuka Nyamirembe saa mbili asubuhi, watembelee kijiji cha ujamaa, wale mbuzi, watazame ngoma, warudi melini saa kumi na moja. Saa nne, ngozi za ngoma bado zinaota moto, meli ikapiga honi mara tatu. Jeshi lilikuwa limeiita Mwanza ikabebe askari, na nahodha alipewa dakika ishirini. Wenye mbio walikimbia, viatu mkononi. Ishirini na sita walibaki gatini wakiitukana meli mpaka ikawa doa. Tangu hapo walikuwa wakilala madarasani, wakila maharage ya kijiji na kuyalalamikia.

Mmoja wao alikuwa Pancras, fundi mitambo, umri miaka thelathini na miwili. Jumamosi asubuhi alikutwa kwenye ghala la pamba, kichwa kimepasuliwa kwa jiwe la mizani.

Maiti ilikuwa juu ya meza ya zahanati, imefunikwa majani ya mgomba. Kazimili aliyaondoa moja moja. Pigo la kwanza lilikuwa kisogoni. Mengine mawili alipigwa akiwa chini tayari, maana mfupa ulizama hata upande ulioegemea sakafu. Mikono haikuwa na mchubuko.

"Alimpa mtu mgongo," Kazimili alisema, akiandika.

"Si alimwamini? Soma hiyo." Bartholomayo alimpa karatasi ya mistari iliyokunjwa mara nne. "Mgambo waliitoa mfuko wa shati, mbele yangu."

Maandishi yalikuwa ya penseli, makubwa, yanapanda na kushuka:

*Ndugu Panclas. Njoo kesho asubuhi kwenye ghala ya pamba nikuonyeshe kabuli la mama yako. Njoo halaka. Usiambie mtu wa selikali. Hii balua nimeandika mwenyewe mimi Havyalimana.*

"Havyarimana," alisema Katibu. "Mkimbizi. Alikuja na kundi la mwaka sabini na mbili, akitokea Burundi. Tumempa shamba, tumempa jembe, na shukrani yake ndiyo hiyo. Umeona mwandiko? Kuandika hawajui. Kuua ndiko wanakojua."

Kazimili aliisoma mara ya pili, midomo ikicheza. "Mama wa marehemu alikufa hapa?"

"Bibi Kwandu. Aliugua homa, mwaka sabini na nne, wakati wa kuhamia vijijini. Mwanawe alikuwa Mwanza. Barua ya msiba nilimwandikia mimi kwa mkono wangu."

"Kwa hiyo alikuja Alhamisi kama mtalii, kwenye kijiji alichozikwa mama yake."

"Ratiba ilikuwa ya saa chache, afande. Angekula mbuzi, akaondoka. Hata kaburi asingepata nafasi ya kuliulizia."

Saa tano, mgambo mmoja mwenye fimbo alimleta mwanamke mfupi, mkondefu, kitenge chake kina doa kavu la damu. Alikuwa Speciose, mke wa Havyarimana. Alionekana Jumamosi asubuhi akitoka ghalani.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, mama. Hiyo damu ni ya nani?"

"Ya marehemu."

"Si niliwaambia!" mgambo alifoka. "Wameua mke na mume!"

"Nyamaza. Mama, ulimuua?"

"Nirimkuta. Nirikwenda kuokota mabua ya pamba ya kukokea moto. Nikamkuta amerara kifudifudi. Nikamgeuza, nikamfumba macho."

"Mbona hukupiga yowe?"

Speciose alimtazama kama mtu anayeulizwa kwa nini jua huwaka. "Mkimbizi apige yowe penye maiti? Nani ataurizwa kwanza?"

Kazimili alimchukua mpaka ghalani. Damu ilikuwa imeruka kwenye nguzo, matone madogo madogo, kimo cha kifua cha mwanamume. Akamsimamisha Speciose kando ya nguzo. Matone yalimfika mabegani. Kitenge alichojifunga kwapani hakikuwa na tone hata moja. Kilikuwa na doa moja pana kwenye pindo, mahali pa magoti.

"Huyu hakumpiga mtu," Kazimili alimwambia mgambo. "Aliyepiga alirushiwa damu kifuani. Huyu alipiga magoti juu ya damu. Mwache."

"Lakini afande, alificha!"

"Hata mimi ningeficha. Mama, hebu rudia. Ulimkuta amefanyaje?"

"Amerara."

Mgambo akaangua kicheko. "Amerara! Miaka sita wanakula ugali wetu, kulala kumewashinda!"

Kazimili hakucheka. Alikuwa ameitoa tena ile karatasi na kuitazama, kidole kikipita chini ya maneno.

Havyarimana alifungiwa stoo ya mbolea. Mlango ulipofunguliwa harufu ilitangulia, kisha mtu. Alikuwa amekaa juu ya gunia, mikono imelala mapajani kama vitu vya mtu mwingine. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimevimba, vyeusi, viwili vimegeukia kusiko. Vya kushoto havikuwa na nafuu kubwa.

"Vidole vimefanya nini?"

"Mlango, afande," mgambo alijibu.

"Mlango ulifungwa na nani?"

"Katibu alisema akiri. Hakukiri. Tukaufunga tena."

"Mara ngapi?"

Mgambo alikuna shingo. "Hatukuhesabu."

Kazimili alimtoa mgambo nje, akachuchumaa mbele ya mfungwa. "Unajua kuandika, mzee?"

"Najua, afande. Nirisomea kwa mapadri, Murusagamba, nirikofikia kwanza nirivyovuka mpaka. Mpaka darasa ra sita."

"Nitakutajia maneno. Uandike."

"Kwa mkono upi?" Havyarimana aliuliza, bila dhihaka.

Mwishowe aliibana penseli katikati ya viganja viwili, na Kazimili akamshikia daftari juu ya goti. Barua. Serikali. Kaburi. Haraka. Jina lako. Kila neno lilichukua muda wa mtu kuteka ndoo kisimani, na kila herufi ilimtoa jasho jipya. Alipomaliza, ukurasa ulisomeka: *barua, serikari, kaburi, haraka, Havyarimana.*

"Jina lako," Kazimili alisema, "unaweza kuliandika kwa L?"

Mtu yule, pamoja na maumivu yake, alionekana kuudhika. "Jina hiri? Maana yake Mungu ndiye azaaye. Nimepewa na baba. Kwetu hiyo L haipo hata ya dawa, afande. Ndiyo maana mnatucheka."

"Pancras alikuja kwako?"

"Ijumaa, kwenye foreni ya maji. Ariambiwa mimi ndiye niriyechimba kaburi ra mama yake. Akaniuriza homa irimshika siku ngapi."

"Ukamjibu nini?"

"Kweri. Bibi Kwandu arikataa kuhama. Katibu, wakati ure ndiye kiongozi wa operesheni, akamwambia, toka au utoke moshi. Bibi akajifungia ndani. Katibu akatia kiberiti paani kwa mkono wake. Kuzika, nirimbeba kwenye karai. Harikujaa."

"Watu walisikia ukimwambia?"

"Foreni nzima. Pancras akasema meri ikirudi, atakwenda kushtaki Mwanza."

Kazimili aliuchana ukurasa ule, akakaa juu ya gunia la mbolea, karatasi mbili juu ya mapaja. Miaka sita alikuwa amehudhuria kisomo cha watu wazima, kila jioni baada ya zamu. Mwalimu alimsimamisha mbele ya wapishi na madereva aseme *barua*, naye akasema *balua*. Aseme *haraka*, akasema *halaka*. Walimcheka mpaka wakachoka. Msukuma ulimi wake hukataa R, akaweka L kila mahali. Mrundi hukataa L, akaweka R kila mahali. Watu hao wawili hawawezi kukosea kosa moja. Karatasi ya mfukoni ilikuwa na makosa sita ya R, yote yakielekea upande mmoja, na maneno ambayo Mrundi angeyakosea, *ghala* na *la*, yalikuwa yameandikwa sawasawa.

Lakini Mkombozi nusu yake walikuwa Wasukuma waliotoka Mwanza na Shinyanga. Herufi ilimwonyesha kabila la mwandishi. Haikumwonyesha mwandishi.

Akarudi ofisini. Saa ya Katibu ilisema saa saba na robo.

"Umemaliza?" Bartholomayo aliuliza, akimmiminia chai.

"Yule mtu simwelewi anachosema," Kazimili alisema. "Anazungumzaje? Wewe umekaa nao."

Hilo lilimpendeza Katibu. Alisimama, akajikunja mgongo, akatetemesha sauti. "'Shikamoo, Katibu. Naomba balua ya kusafili. Selikali isinikamate. Watoto wana njaa, nihulumie!'"

Mgambo wawili mlangoni walishikana mabega kwa kicheko. Kazimili naye alicheka.

"Hiyo ya barua, rudia."

"'Balua, Katibu! Naomba balua!'"

"Unaigiza vizuri. Lakini mwenyewe unasema *barua* bila taabu."

"Nimekaa sekondari miaka minne, afande. Mapadri walinitoa hiyo L kwa bakora."

"Mimi nilitolewa ukubwani. Ndiyo maana naikumbuka." Kazimili aliweka kikombe chini. "*Balua* ni ya kwetu, Katibu. Ya Maswa na Kwimba. Ndivyo tulivyosema tukichunga ng'ombe. Mrundi hawezi kuitamka hata umpe shamba la pili. Ulitaka kuandika kama mjinga, ukaandika kama mjinga unayemjua."

Kicheko cha mlangoni kilikatika.

"Huo ni mchezo wa kisomo," Bartholomayo alisema. "Hakimu atakucheka."

"Nipe daftari la mahudhurio ya shamba la ujamaa."

Hakuletewa, alilichukua mwenyewe juu ya rafu. Lilikuwa la mistari, limeshonwa uzi katikati. Kwenye daftari la namna hiyo, ukichana ukurasa wa mbele, mwenzake wa nyuma hubaki hauna wa kumshika. Kazimili alilishika kwa jalada, akalitikisa. Ukurasa mmoja mtupu ukadondoka mezani. Akauweka kando ya ile karatasi ya mfukoni. Meno ya mchano yakaingiana mpaka mstari wa mwisho.

"Daftari hili hukaa wapi?"

Mgambo mmoja akajibu kabla hajafikiri. "Humo, afande. Ufunguo anao Katibu peke yake."

"Na Jumamosi asubuhi Katibu alivaa shati gani?"

Yule mgambo alimtazama Bartholomayo, akatazama chini. "La njano. Alilichoma. Alisema limeliwa na panya."

Bartholomayo aliketi. Hakuonekana mwenye hofu. Alionekana mtu anayepiga hesabu ya safari.

"Haya," alisema. "Nipeleke Biharamulo. Nitapata wakili. Yule bibi, nitasema moto ulishika kwa bahati mbaya, kila mtu anajua operesheni ilikuwaje. Huyu kijana, nitasema tuligombana. Nani atakanusha? Mashahidi wangu wengi. Wako ni nani? Jasusi? Saa tisa hutakuwa naye."

"Mbele ya mahakama jina la Bibi Kwandu litasomwa. Na la mwanawe. Hilo nitalihakikisha."

"Lisomwe. Nitafungwa miaka michache, nitatoka, nitanenepa tena."

Lori lilifika saa nane kasoro robo. Luteni aliyeshuka alikuwa kijana, mwembamba, macho mekundu kwa kukesha.

"Tumebadilishiwa njia," alisema. "Hatulali hapa. Jasusi wangu yuko wapi?"

Kazimili alimweleza. Alimwonyesha karatasi zote tatu, akamwonyesha mchano, akamtajia shati la njano. Luteni alisikiliza hadi mwisho, na alipozirudisha karatasi alizirudisha kwa heshima.

"Kazi safi, Sajenti. Nakuamini neno kwa neno."

"Kwa hiyo hapa hakuna jasusi."

"Hapana, yupo. Nimeandikiwa: jasusi mmoja, Mkombozi. Taarifa ilikwenda juu jana, na imepokelewa. Huko juu haishuki. Nikifika na viti vitupu, nitakayeulizwa ni mimi." Alisugua macho. "Muuaji wako mpeleke mahakamani, sikuzuii. Na mimi nipe wangu."

"Hana kosa. Vidole vyake vimevunjwa."

"Huko anakokwenda havihitaji." Luteni hakusema kwa ukali. "Taarifa haina jina, nitasoma litakaloandikwa na polisi. Andika barua ya makabidhiano. Jina moja. Nina dakika kumi."

Havyarimana alikuwa ameletwa nje, amesimama kati ya askari wawili, mikono ameishikilia kifuani. Speciose alisimama hatua chache nyuma yake. Wafanyakazi bora walikuwa wamejaa madirishani mwa shule. Bartholomayo aliegemea nguzo ya ofisi, shati lake la kijani halina hata kunyanzi.

Kazimili aliketi kwenye meza ya Katibu. Alivuta karatasi, akachovya kalamu kwenye wino, akaandika tarehe.

"Katibu," aliita, "baba yako anaitwa nani?"

"Kwa nini?"

"Barua inataka jina kamili."

Ilimchukua Bartholomayo muda wa kumeza mate. Kisha akaruka kuelekea mezani, na askari wawili wakamdaka mikono.

"Mimi si jasusi!" alipiga kelele. "Afande, wewe unajua! Umesema mwenyewe! Mimi nimeua! Andika nimeua!"

Kalamu iliendelea.

"Nilimpiga Pancras! Mara tatu, kwa jiwe la mizani! Alikuwa ameinama, nilimwambia atazame sakafuni, ndiko kaburi liliko! Yule bibi nilimchoma mimi, nilimsikia akiita jina langu! Watu wote mmesikia! Nipeleke Biharamulo, nitasema hivyo hivyo! Andika, unalo daftari!"

Lilikuwa ungamo kamili, mbele ya mashahidi hamsini, ambalo mpelelezi anaweza kufanya kazi maisha yake yote asilipate. Daftari lilikuwa mezani, limefungwa. Kazimili hakulifungua.

"Anasema ameua," Luteni alisema mlangoni.

"Wakiliona lori," Kazimili alijibu bila kuinua kichwa, "husema lolote."

Luteni alimtazama kitambo, kisha akatazama kando.

*Namkabidhi kwako,* barua ilisema, *jasusi aliyetajwa katika taarifa ya jana, Bartholomayo.* Jina la baba lilifuata. Mgambo wa fimbo ndiye aliyelitaja, kwa sauti ndogo. Kazimili aliisoma tangu juu, polepole, kama alivyofundishwa, neno kwa neno. Hapakuwa na kosa la herufi hata moja. Akatia sahihi.

Bahasha ilikuwa ya zamani, gundi imekauka. Speciose, bila kuagizwa na mtu, akaja na ukoko wa ugali wa muhogo kwenye kiganja, akaupaka ukingoni kwa kidole, akaukandamiza mpaka ukashika. Kazimili akachukua muhuri wa kijiji, akaugonga juu ya mkunjo, akampa Luteni bahasha. Luteni akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo, akapanda lori.